Mwanamke Mzima Ana Damu Kiasi Gani?

Mwaka 2009 jarida la kisayansi la PLoS ONE lilichapisha viwango vya damu vya watu wazima 2,105 kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia. Walikuwa watu walioonekana hawana maradhi: hawakuwa na virusi vya UKIMWI, wanawake hawakuwa wajawazito, na daktari aliyewachunguza hakuona tatizo. Watafiti walikuwa wakijiandaa kwa majaribio ya chanjo ya UKIMWI, wakataka kujua damu ya mtu mwenye afya katika eneo hili inaonekanaje, badala ya kuendelea kutegemea vitabu vya Marekani. Katika jedwali lao upo mstari unaostahili kusomwa taratibu. Himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya mwanamke mwenye afya, unasema, ni kuanzia gramu 9.5 hadi 15.8 kwa desilita moja ya damu.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema vingine. Kwake, mwanamke asiye mjamzito mwenye himoglobini chini ya 12 ana upungufu wa damu, na akiwa kati ya 8 na 10.9 upungufu huo si mdogo tena, ni wa wastani. Basi mwenye 9.6 anasimama wapi? Jedwali la 2009 linamwambia yuko sawa na wenzake, aende nyumbani. WHO inamwambia anahitaji matibabu. Wote wawili wamepima vizuri, na hakuna aliyekosea hesabu. Wanachotofautiana ni swali waliloliuliza, na tofauti hiyo inawagusa mamilioni ya wanawake wanaopokea majibu ya damu bila kuelezwa zile namba za pembeni zilitoka wapi.

Zilitoka kwa watu. Kila karatasi ya majibu ina namba yako, na kando yake namba nyingine mbili zenye kistari katikati. Hizo mbili zilipatikana kwa kuwatoa damu watu walioaminika kuwa wazima, kuyapanga matokeo yao kutoka dogo hadi kubwa, kisha kukata asilimia 2.5 ya chini kabisa na asilimia 2.5 ya juu kabisa. Asilimia 95 iliyobaki katikati ndiyo inayochapishwa. Mwaka 1969 wanasayansi wawili wa Finland, Ralph Gräsbeck na Nils-Erik Saris, walihimiza kwamba namba hizi zisitolewe hewani kana kwamba ni sheria ya maumbile, bali kila mara ijulikane ni kundi gani la watu lililozizaa. Wazo lao ndilo msingi wa kazi hii hadi leo. Mwongozo unaotumiwa na maabara nyingi duniani, ule wa taasisi ya CLSI ya Marekani, unataka angalau watu 120 kwa kila kundi. Maana yake wanawake 120 peke yao, na wanaume 120 peke yao pale ambapo jinsia zinatofautiana.

Tusimame kidogo kwenye hiyo 120. Asilimia 2.5 ya watu 120 ni watu watatu. Ukipanga wanawake 120 kwa mstari kufuata himoglobini zao, mpaka wa chini utaangukia kwa mwanamke wa tatu kutoka mwisho. Hao 117 waliobaki hawana sauti kubwa katika kuuweka mpaka huo. Wanawake watatu tu wakiwa na minyoo ya safura bila kujijua, au wakiwa wamejifungua miezi michache iliyopita na hawajarudishia damu waliyopoteza, mpaka wa "mwanamke mwenye afya" katika nchi nzima unaweza kushuka ukawa mpaka wao. Ndiyo maana katika kazi hii mashine na hesabu ni sehemu rahisi. Sehemu ngumu ni kumchagua wa kupimwa.

Hesabu hiyohiyo ina tokeo jingine ambalo wagonjwa wanastahili kulijua mapema. Tukikata asilimia tano ya watu wazima, tumekubali kwamba mtu mmoja kati ya 20 asiye na tatizo lolote atatoka nje ya mipaka. Mwanamke akifanyiwa vipimo 20 visivyotegemeana, uwezekano wa vyote kuangukia ndani ni kama asilimia 36 tu. Kwa hiyo alama moja ya juu au ya chini kwenye karatasi ndefu si hukumu ya ugonjwa. Ni sababu ya kuangalia tena.

Sasa, nani ni mzima? Kwa mwanaume swali hili lina majibu mepesi zaidi. Kwa mwanamke wa miaka 15 hadi 49 linatuingiza moja kwa moja kwenye madini ya chuma. Katika hedhi ya kawaida mwanamke hupoteza mililita 30 hadi 40 za damu, na kila mililita hubeba karibu nusu miligramu ya chuma. Hiyo ni miligramu 15 hadi 20 kila mwezi, wakati utumbo wenye afya hufyonza miligramu moja au mbili tu kwa siku kutoka kwenye chakula, na pungufu ya hapo iwapo chakula chenyewe ni ugali, maharage na mchicha visivyo na kipande cha nyama, vikifuatwa na kikombe cha chai kinachozuia hata kile kidogo kisifyonzwe. Mimba moja huhitaji karibu gramu nzima ya chuma, na wanawake wengi huingia kwenye mimba wakiwa na akiba isiyofika theluthi ya hiyo. Ongeza malaria inayovunja chembe nyekundu, na safura inayonyonya damu ukutani mwa utumbo. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2015–16 uliwakuta asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa wakiwa na upungufu wa damu. Kwa dunia nzima, WHO ilikadiria mwaka 2019 kuwa ni karibu asilimia 30.

Ukiingia katika jamii ya namna hiyo na kuwaomba wanawake wanaojisikia vizuri wajitolee kupimwa, wengi watakaokuja wamezoea kuishi na chuma kidogo. Wanalima, wanachota maji, wanalea, wanaamka alfajiri. Uchovu wao wanauita uchovu wa kazi. Daktari akiwauliza kama wanaumwa, watasema hawaumwi, na watakuwa wamesema kweli kadiri wanavyojua. Takwimu zao zitaeleza kwa usahihi hali iliyoenea. Hali iliyoenea na hali ya afya ni vitu viwili, na kuvichanganya ndiko kunakomrudisha nyumbani mwenye 9.6 bila hata kidonge cha chuma.

Kuna watakaosema kuwa labda damu ya Mwafrika ndivyo ilivyo, na kwamba kipimo cha WHO ni cha wageni. Hoja hiyo ina sehemu ya ukweli nitakayoirudia, lakini kwa himoglobini inajibiwa na jedwali lilelile la 2009. Tazama safu ya wanaume. Hospitali ya Massachusetts iliyotumika kulinganisha ilikuwa na mpaka wa chini wa 13.5 kwa wanaume na 12.0 kwa wanawake. Wanaume wa Afrika Mashariki na Kusini walipata 12.2, yaani wameshuka kwa 1.3. Wanawake walipata 9.5, wameshuka kwa 2.5, karibu mara mbili. Kaka na dada wamerithi damu kutoka kwa wazazi walewale na wamekulia nyumba moja. Kama urithi ndio ungekuwa sababu kuu, wangeshuka pamoja. Kinachomtofautisha dada ni hedhi na uzazi, na pengine nani anapewa nyama kwanza mezani.

Urithi una sehemu yake. Pwani ya Kenya, kwa mfano, alfathalasemia, hali ya damu ya kurithi, imeenea sana kwa sababu humkinga mtu dhidi ya malaria kali, nayo hupunguza ukubwa wa chembe nyekundu na kushusha himoglobini kidogo. Lakini kidogo hicho hakifiki gramu mbili na nusu. Ushahidi mwingine ulitoka mwaka 2024, katika uchambuzi mkubwa ulioongozwa na watafiti wa Australia na kuchapishwa katika The Lancet Haematology. Wao walikusanya takwimu za nchi kadhaa, kisha wakawaondoa watu wenye chuma kidogo, wenye dalili za uvimbe mwilini, na wenye maradhi mengine yanayojulikana kugusa damu. Waliobaki walipopangwa, asilimia tano ya chini kwa wanawake iliishia karibu na 12.0, palepale WHO ilipopaweka tangu mwaka 1968. Nchi za Nordiki, katika mradi wao wa pamoja uliochapishwa 2004, zilipata 11.7 hadi 15.3 kwa wanawake. Kila mara wanawake wanapochujwa kwa uangalifu, au wanapotoka mahali penye lishe nzuri, mpaka unarudi maeneo ya 12.

Hapo ndipo napenda kuiweka ile sehemu ya ukweli, kwa sababu jedwali la 2009 lina mstari mwingine unaotaka jibu kinyume kabisa. Neutrofili ni chembe nyeupe zinazotangulia kupambana na bakteria. Massachusetts ilianzia 1.8 (elfu kwa mikrolita). Afrika Mashariki na Kusini zilianzia 1.0. Ukitumia mpaka wa Marekani, Waafrika wengi wazima wangeitwa wapungufu wa kinga, wangekataliwa kwenye majaribio ya dawa, na mwanamke anayetibiwa saratani ya matiti angeweza kuahirishiwa dozi asiyostahili kuahirishiwa. Lakini hapa hakuna njaa wala minyoo. Waafrika wengi kusini mwa Sahara wana mabadiliko katika jini linaloitwa Duffy. Chembe nyekundu zao hazina protini ambayo vimelea vya malaria aina ya vivax huitumia kuingilia ndani. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa mabadiliko hayohayo ndiyo yanayoambatana na idadi ndogo ya neutrofili katika damu. Watu hawa wanapopata maambukizi, mwili wao unajibu vizuri. Kiwango chao ni afya kamili, na mpaka wa 1.8 uliwaonea.

Mstari wa tatu wa jedwali hilo unasaidia kuielewa hiyo mingine miwili. Eosinofili, chembe nyeupe zinazoongezeka mwili unapopambana na minyoo au mzio, zilifika hadi 1.53 katika kundi la Afrika, zaidi ya mara tatu ya kikomo cha Massachusetts. Hakuna anayependekeza kwamba Waafrika walizaliwa hivyo. Namba hiyo inatuambia ndani ya lile kundi la "wazima" walikuwamo wenye minyoo, na wenye minyoo ya safura hupoteza chuma.

Kwa hiyo msimamo wangu katika jambo hili ni kwamba kutengeneza viwango vyetu wenyewe ni kazi ya lazima, na wanaoifanya Mbeya, Kericho, Kilifi, Kigali na Entebbe wametufaa sana. Ila kiwango cha nyumbani kikitofautiana na cha ugenini, kazi haijaisha, ndipo inapoanza. Lazima tuulize sababu ya kila tofauti. Ikiwa ni urithi usiodhuru, kama Duffy, tubadilishe mpaka na tuache kuwaita watu wagonjwa. Ikiwa ni upungufu unaoponyeka, tuuache mpaka pale pale na tuwatibu watu.

Jambo hili si la Afrika peke yake. Angalia feritini, kipimo kinachoonyesha akiba ya chuma. Kwa miaka mingi maabara nyingi za Ulaya na Amerika Kaskazini zimeandika mpaka wa chini wa mikrogramu 10 hadi 15 kwa lita kwa wanawake, na karibu 30 kwa wanaume. Ukiuliza kwa nini mwanamke aruhusiwe nusu ya akiba ya mwanaume, jibu ni lile lile: wanawake waliopimwa kutengeneza mpaka huo wengi wao walikuwa tayari wamepungukiwa, na hakuna aliyewachuja. Uboho wa mwanamke hauhitaji chuma pungufu ili kutengeneza chembe nyekundu. Mwaka 2024 jimbo la Ontario nchini Kanada liliupandisha mpaka wa watu wazima hadi 30 kwa wote, na wanawake ambao miaka yote waliambiwa wako sawa wakaanza kuonekana kwenye karatasi kuwa hawako sawa. Kwetu kuna ugumu wa ziada: feritini hupanda mwili unapopambana na maambukizi, hivyo mwenye malaria au kifua kikuu anaweza kuonyesha 40 hali akiba yake imekwisha. Ndiyo maana mwongozo wa WHO wa 2020 unatumia 15 kwa mtu mzima asiye na maambukizi, lakini 70 pale maambukizi au uvimbe yapo.

Mimba hubadilisha karibu kila kitu. Majimaji ya damu huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, wakati chembe nyekundu zinaongezeka kwa kiasi kidogo zaidi, kwa hiyo himoglobini hushuka hata kwa mama mwenye chuma cha kutosha, kama mchuzi ulioongezwa maji bila kuongezwa nyanya. WHO sasa inatumia 11.0 kwa miezi mitatu ya mwanzo na ya mwisho, na 10.5 kwa ile ya katikati. Chembe nyeupe hupanda, chembe sahani hupungua kiasi, na kimeng'enya cha fosfatasi alkali hupanda sana kwa sababu kondo la nyuma nalo linakitengeneza. Asiyejua hilo anaweza kulitilia shaka ini lisilo na kosa. Hatari zaidi ni namba zinazoonekana nzuri. Kreatinini ya mikromoli 85 kwa lita ni ya kawaida kwa mwanamke asiye mjamzito. Kwa mjamzito, ambaye figo zake zinachuja kwa kasi zaidi, kiwango hicho kinapaswa kumfanya daktari afikirie figo na kifafa cha mimba. Karatasi ikiwa na mipaka ya mwanamke asiye mjamzito, hakuna alama itakayowaka.

Mwinuko nao husahauliwa, hasa katika nchi zinazopanda kutoka baharini hadi milimani. Juu kwenye hewa nyepesi mwili hutengeneza chembe nyekundu zaidi, kwa hiyo himoglobini ya mlimani lazima ipunguzwe kabla ya kulinganishwa na 12. Kwa mwongozo wa WHO wa 2024, kwa anayeishi kati ya mita 1,500 na 1,999 hupunguzwa 1.1. Mwanamke wa Mombasa mwenye 12.5 hana upungufu wa damu. Mwanamke wa Nairobi, mji ulio katika mwinuko huo, mwenye 12.5 iliyosomwa na mashine ya aina ileile anao, kwa sababu yake inahesabiwa kuwa 11.4. Ni maabara chache zinazomwambia hivyo.

Kuna mahali ambapo kumtenga mwanamke kwa mpaka wake mwenyewe kumeonyesha faida ya haraka. Troponini ni protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia. Mjini Edinburgh watafiti walitumia kipimo chenye uwezo mkubwa, wakaweka mpaka wa nanogramu 16 kwa lita kwa wanawake na 34 kwa wanaume, kulingana na damu ya watu wazima wa kila jinsia. Matokeo yaliyochapishwa katika BMJ mwaka 2015 yalionyesha kuwa kati ya wanawake waliofika hospitali wakishukiwa kuwa na shambulio la moyo, waliothibitika waliongezeka kutoka asilimia 11 hadi 22. Wanaume hawakubadilika sana. Mpaka mmoja wa wote ulikuwa ukiwaficha wanawake hao.

Hata mpaka uliotengenezwa vizuri una kikomo cha matumizi, kwa sababu ni wa kundi. Himoglobini ya mtu mmoja asiyeumwa hubadilika kwa asilimia chache tu kutoka wiki hadi wiki. Mwanamke aliyezoea 14.0, akaja na 12.3, amepoteza zaidi ya asilimia kumi ya himoglobini yake, na karatasi itamwambia yuko ndani ya mipaka. Anayeweza kuliona ni yule aliyetunza majibu ya zamani. Kwa hili ningewaomba wanawake wasiyatupe majibu yao ya kliniki mtoto anapokua. Yale ya kabla ya mimba, yale ya mwaka ambao hakuna kilichouma, ndiyo kipimo chao bora kuliko jedwali lolote.

Maabara ya wilaya haihitaji kuwatafuta watu 120. Mwongozo wa CLSI unairuhusu kuchukua mipaka iliyotengenezwa kwingine na kuihakiki kwa watu 20 wa hapo: wasipozidi wawili nje ya mipaka, mipaka inakubaliwa. Lakini hao 20 wasiwe wachangia damu. Mchangiaji hupimwa himoglobini kabla ya kuruhusiwa, kwa kawaida ifike 12.5, kwa hiyo kumtumia kuhakiki mpaka wa himoglobini ni kuthibitisha kile ulichokwisha kukichagua. Wawe wanawake wa mtaani na vijijini, waliopimwa mimba, virusi vya UKIMWI, malaria na choo, walioulizwa kuhusu hedhi zao, kitanzi au sindano wanayotumia na lini walijifungua, na ikiwezekana waliopimwa feritini pamoja na kipimo cha uvimbe. Feritini ni ghali kuliko himoglobini na vituo vingi havina. Kwa wanawake 20, mara moja, hospitali ya mkoa inaweza kusaidia.

Wakitoka watatu au zaidi nje ya mipaka, wachukuliwe wengine 20. Wakitoka tena, kishawishi kitakuwa kuushusha mpaka ili uwafae. Kabla ya kufanya hivyo, wale waliotoka waitwe kwa majina, wapewe dawa ya minyoo na chuma kwa miezi mitatu, kisha wapimwe upya.